Jozi Moja ya Kila Mahali

Mmekuwa mkiniuliza kwa zamu, wengine baada ya ibada, wengine kwenye kundi la simu, na mama mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya duka la nyama: Upendo, ni kweli ulikwenda mpaka Quebec ukarudi na mbao za kutelezea theluji? Ni kweli. Nimechoka kujibu nusunusu, kwa hiyo naandika mara moja, kila mtu asome kwa wakati wake. Mambo ya kuomba ruhusa kazini na kupanga gari nayaruka, hayana utamu wowote. Na mnaotafuta kicheko, kipo kidogo njiani, mengine mtanisamehe.

Brampton

Elia mdogo wangu mlimfahamu, ila mambo yetu ya ndani hamkuyajua. Mama yetu alipofariki kule Njombe, Elia alikuwa milimani, magharibi kabisa ya nchi hii, na marafiki zake wa kuteleza, mahali ambapo simu haishiki. Nilimtafuta siku tatu. Nikapanda ndege peke yangu, nikamzika Mama, na kila shangazi akawa ananiuliza mtoto wa kiume yuko wapi. Niliporudi, Elia alikuja kwangu akasimama mlangoni analia. Mimi nikamwambia maneno ambayo leo siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia kwamba Mama alikuwa anafukiwa udongo huku yeye anateleza, na kwamba asikanyage tena kwangu na mbao zake. Zilikuwa jozi nne, nilikuwa nimemhifadhia chini, kwenye chumba cha basement. Nikamuuliza mtu mmoja ana miguu mingapi. Alifunga mlango taratibu, mbao zikabaki chini, na tukakaa miezi kumi hatusemeshani.

Baba naye alikasirika kwa namna yake. Mtu akifiwa na mke anangoja watoto wake waje wampe pole, na Elia hakufika. Alipiga simu mara nyingi, Baba akawa hapokei. Aliwaambia watu kwamba mtoto aliyeshindwa kuja kumzika mama yake asirudishwe Njombe hata akiwa maiti. Alilisema kwa hasira, ila alilisema mbele ya ukoo mzima.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Elia alianguka ofisini kwake, katikati ya Toronto, akiwa ameshika kikombe cha kahawa. Mshipa wa kichwani ulipasuka. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Hospitali walinikabidhi nguo zake, na ndani ya koti nikakuta kipande cha bahasha chenye mwandiko wake, mistari minne:

Dada
150/88
moja tu, ya kila mahali
pole

Kazi yangu mnaijua. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila asubuhi napima presha na kuandika kwenye chati. Mtu wa kazi yangu akiona mia moja hamsini kwa themanini na nane haulizi ni nini. Daktari alinieleza kwamba mshipa ule ulikuwa dhaifu tangu Elia azaliwe, presha haikuhusika. Nikaitikia kwa kichwa, moyoni nikasema wewe hujaiona karatasi yangu. Niliisoma hivi: Elia alikuwa anaumwa, alijua anaumwa, alitaka kuniambia, na mlango wangu ulikuwa umefungwa. Mstari wa tatu nikauelewa kwamba ameamua kuachana na jozi zake zote abaki na moja ya kwenda nayo popote, maana hilo ndilo nililomgombeza. Halafu mwishoni akanipa pole. Hakuandika samahani, aliandika pole, na kwetu hiyo ndiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu ni neno ambalo hatukuwahi kulisikia kutoka kwake tangu Mama afe.

Nilimsomea Baba kwenye simu. Akasema, basi ametoa pole, mleteni alale karibu na mama yake. Ndivyo Elia alivyopata kaburi Njombe. Nilimsafirisha, tukamzika nyuma ya jiko, hatua chache tu kutoka kwa Mama, na mchungaji aliyataja maneno yale ya bahasha kanisani, watu wakalia. Baadaye wazee wakapanga kwamba baada ya Pasaka vitu vya marehemu vigawanywe kama desturi. Baba akaniambia nguo wagawane vijana, yeye anataka kitu kimoja: ile moja aliyoiandika.

Kwa hiyo nikarudi Brampton nikiwa na kazi ya kuchagua jozi moja kati ya nne, mimi ambaye theluji naijua kwa koleo la kuiondoa mlangoni.

Downsview

Nilimwomba Kamau. Kamau ni Mkenya wa Nyeri, anaendesha forklift kwenye ghala moja la Downsview, na ndiye aliyekuwa akiteleza na Elia kila wikiendi. Anaishi kwenye ghorofa linalotazamana na ghala hilo, na hatua chache mbele kuna duka la kununulia na kunolea ski, ndizo hizo mbao. Ndiyo, zinanolewa, zina kingo za chuma kama kisu cha mezani. Nilikuwa nimekaa nazo miaka minne ndani ya nyumba sijui hilo.

Tulizipanga jozi nne juu ya meza ya msichana wa dukani mwenye pete puani. Alizigusa moja moja kwa heshima, na alipojua mwenyewe amefariki akapunguza sauti. Jozi ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya theluji ngumu iliyoganda, kama ya vilima vya hapa Ontario. Ya pili pana, ya theluji nyingi laini ya magharibi. Nikaitazama hiyo kwa muda mrefu, nikijua ndiyo aliyokuwa nayo Elia siku Mama anazikwa. Ya tatu imepinda mbele na nyuma, ya kurukia na kuteleza kinyumenyume, jambo ambalo sikuelewa mtu mzima analifanyia nini. Ya nne nyepesi, ya kupandia mlima kwa miguu.

Nikamuuliza ipi kati ya hizi ni ya kila mahali. Akatikisa kichwa. Hakuna, akasema. Hizi kila moja ina kazi yake, ukiitoa kwenye kazi yake inakusumbua. Akanieleza kwamba jozi ya kila mahali huwa na upana wa kati chini ya mguu, isiwe nyembamba ikazama kwenye theluji laini, isiwe pana ikashindwa kushika barafu. Mbele inainuka kidogo, kati ni imara lakini si mti mkavu. Haishindi zote kwa lolote, akasema, ila haikuangushi popote. Kisha akaniuliza urefu wa Elia. Nikamwonyesha kwa mkono juu ya kichwa changu, akasema mtu huyo angehitaji kama mia moja sabini na nane.

Karatasi sikumwonyesha. Sikumwonyesha hata Kamau, kwa sababu ilikuwa na presha ya mdogo wangu, na mambo ya mgonjwa hayatembezwi.

"Sista," Kamau akaniambia, "hizi zote nazijua. Lakini December aliniambia kuna ingine ametafutiwa. Nikamuuliza ni gani, akacheka tu."

Ndipo akaona kwenye ile jozi nyembamba kibandiko cha karakana, maandishi ya Kifaransa, kijiji cha milima ya Laurentides, kaskazini ya Montreal. Akakumbuka kwamba Elia alikuwa na fundi wake huko, Mkongomani, na hakutaka mtu mwingine aziguse ski zake. Tulipiga simu, ikajibu sauti ya mashine kwa Kifaransa mpaka ikachoka. Kamau akatazama saa, akasema ni Jumamosi na yeye yuko huru hadi Jumatatu. Nikarudi Brampton kuchukua chapati na mayai niliyokuwa nimechemsha, nikaweka chai ya tangawizi kwenye chupa, tukaondoka.

Barabara ya mashariki

Mpaka Kingston tulikwenda vizuri. Kamau anaendesha huku anakula, na mimi nilikuwa namenya mayai naye ananyoosha mkono bila kuangalia. Aliniambia mambo ya Elia ambayo sikuyajua. Kwamba kila walipofika juu ya mlima mkubwa, Elia alikuwa anasimama, anaweka mikono kifuani, na kuuamkia. Shikamoo, anasema kwa sauti, kisha anashuka. Wazungu wa pale wakadhani ndiyo neno la kuanzia, na wawili watatu wakawa nao wanasema shikamoo kabla ya kushuka. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Nilijua alijifunza wapi. Mama ndiye aliyekuwa akituamkisha mbele ya kila kilichotuzidi, hata mbele ya ng'ombe wa jirani.

Baada ya Kingston theluji ikaanza, si ile ya kupendeza, ile ya kwenda upande. Polisi walifunga njia mbele, lori limelala. Tulisimama kwa muda wa saa nne. Watu wakatoka kwenye magari, wakajinyoosha, wakarudi. Bibi mmoja wa gari la mbele alikuja na boksi la biskuti anawagawia watu dirishani. Alipoona ski nyuma yetu akafurahi sana, akatutakia likizo njema, akasema anapenda kuona mtu na mumewe wanaanza kuteleza utuuzimani. Kamau ana miaka thelathini na sita, mimi arobaini na tisa. Nilitaka kumweleza, nikaona maelezo ni marefu kuliko foleni, nikasema asante. Nilimpa chapati. Aliitazama pande zote mbili, akauliza inaliwa na nini, nikamwambia na njaa.

Nikiwa pale nilipata muda wa kuwaza, na mawazo yangu yalikuwa hayo hayo ya kila siku. Miezi kumi. Brampton na Toronto si mbali. Ningeweza kumpigia siku yoyote nikamwambia njoo nikupime, mimi ninayepima watu nisiowajua kila asubuhi. Kamau aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni kitunguu cha kwenye mayai, na yeye alikuwa amekula mayai yale yale hayana kitunguu. Hakuniuliza tena.

Moteli

Njia ilipofunguliwa tulifika mpaka mji mdogo wa kwanza upande wa Quebec. Mwenye moteli alitupa ufunguo mmoja. Kamau akasema kwa Kiingereza huyu ni dada yangu, mwenye moteli akamwangalia Kamau, akaniangalia mimi, akasema kwa Kiingereza chake kwamba hapo kwake hawaulizi maswali. Kamau akapata chumba cha pili baada ya kuchora kwenye karatasi vitanda viwili na ukuta katikati.

Tulikula chipsi zilizomwagiwa mchuzi wa nyama na vipande vya jibini juu, chakula chao cha huko. Kwetu ukimpelekea mgeni chipsi zilizolowa hivyo, atajua humtaki. Nilikula zote.

Mlimani

Asubuhi ya Jumapili jua lilikuwa kali na theluji inaumiza macho. Kijiji chenyewe ni barabara moja, kanisa, na chini ya mlima banda refu lenye harufu ya nta. Ndani kulikuwa na mzee mfupi mwenye aproni na kofia ya sufu, anapaka nta ya moto chini ya ski kwa kitu kama pasi. Kamau akaanza kwa Kiingereza. Mzee hakumwangalia Kamau, aliniangalia mimi, akaweka pasi pembeni.

"Ni weye dada ya Elia," akasema.

Hakuwa anauliza. Aliniambia anaitwa Papa Bahati, wa Bukavu, na kwamba Elia alimwonyesha kwa mkono, dada yangu ananifikia hapa, begani. Akanishika mikono yote miwili. Akaniuliza habari za njia, habari za kazi, kwa Kiswahili chao kile kinachokwenda mbio na kukata kona. Kisha akachungulia nyuma yetu mlangoni, akauliza Elia iko wapi, anapaki gari?

Nikamwambia, "Papa, Elia hayupo."

"Haya, atakuja," akasema, na kabla sijafungua mdomo tena alikuwa ameingia nyuma ya pazia. Alirudi amebeba jozi mpya ya ski, fupi, rangi ya kijani iliyoiva, na juu yake fimbo mbili nyembamba zenye vishikio. Akaniwekea mikononi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyengoja kutoa zawadi. Nilitazama zile ski nikaona ni za mtoto, nikafikiri mzee amechanganya. Mdogo wangu alikuwa mrefu, nikamwambia, hizi haziwezi kuwa zake. Papa Bahati akacheka. Zake za nini, akasema, ziko zako weye.

Akanionyesha nyuma, kwenye mkia wa ski, palipoandikwa kwa tarakimu ndogo nyeupe: 150. Huu ndio urefu, kwa sentimita. Akaweka rula katikati, pale mguu unapokaa. Themanini na nane, kwa milimita. Huu ndio upana. Akasema walibishana na Elia wiki mbili kuhusu huo upana. Yeye alitaka nyembamba zaidi, kwa sababu mwanafunzi anageuka kwa urahisi, na Elia akasema hapana, dada yangu nikimpa ya Ontario tu siku nikimpeleka magharibi atasema nimemdanganya. Nataka moja tu, ya kila mahali. Ukimpa mbili atakuuliza mtu mmoja ana miguu mingapi.

Nilikuwa nimeshika zile mbao na nasoma tarakimu. Nilizisoma tena na tena, nikitafuta mahali pa kuweka presha yangu.

"Aliniandikia message," Papa Bahati akaendelea, sasa anamgeukia Kamau ili wacheke pamoja. "Dada, 150/88, moja tu ya kila mahali, pole. Miye nikazania anasema pole juu ya kunisumbua. Nikamujibu, ndugu, hakuna matata, kazi njo kazi. Kumbe anataka hizi," akainua zile fimbo mbili. "Siye tunaita baton. Waingereza banaita pole. Haki, nilicheka siku mzima."

Kamau alianza kucheka naye, akaniona uso, akaacha.

Neno lile la fimbo, Waingereza huliandika hivyo hivyo, herufi nne zile zile, na Elia alikuwa akiongea lugha mbili kwa pumzi moja kama sisi sote tunavyoongea huku. Fimbo za mkononi. Hakuwa ameandika barua, alikuwa ameandika vitu vya kununua. Nawaambia ukweli, kwanza niliona mzigo unashuka: hakuwa anaumwa akinificha, hakuna presha niliyokataa kuipima, daktari alisema kweli. Na papo hapo nikaona kile kingine kinaondoka nacho. Ile pole niliyoishikilia tangu mwezi wa kwanza haikuwapo. Niliumia zaidi kuliko siku niliyokabidhiwa nguo.

Papa Bahati akaniuliza tena Elia atakuja saa ngapi, kwa sababu Elia alimwahidi kwamba atakuja kunifundisha mwezi huu wa tatu, baridi ikiwa imepungua. Safari hii sikutumia maneno ya kuzunguka. Nikamwambia Elia alifariki mwezi wa kwanza, na tumemzika nyumbani. Mzee akavua kofia. Akatafuta mahali pa kuweka fimbo, hakupaona, akazilaza sakafuni taratibu. Akasema simu ilikuwa haiingii, yeye akadhani Elia amebadilisha namba kama vijana wanavyofanya. Kisha akakaa kwenye kiti chake cha kazi, akalia, na alikuwa hanijui hata kidogo.

Tulikaa naye mpaka akatupikia chai. Kabla hatujaondoka alinisimamisha wima na kuzisimamisha zile ski mbele yangu, zikanifika puani, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, sawasawa. Alinikatalia kuziacha. Alisema buti nitakuja kujaribu mwenyewe siku nikiwa tayari, na nisipokuwa tayari, basi.

Ndani ya gari

Hatukuondoka mara moja. Tulikaa kwenye maegesho chini ya mlima, injini inanguruma, na nikamweleza Kamau yote, bahasha na kaburi na Baba na ile moja aliyoitaka. Nikamwambia inabidi nimpigie. Kamau akafuta kioo kwa mkono ingawa hakikuwa na kitu.

"Sista, achana nayo," akasema. "Mzee ashapata amani yake. Ukimwambia, utamsaidia na nini?"

Nilifikiri alikuwa na haki. Ningeweza kumpelekea Baba jozi yoyote kati ya zile nne, nikasema ndiyo hii, na angeitundika ukutani akafa nayo bila kujua. Lakini mchungaji alikuwa amelisema kanisani, na Baba mwenyewe alikuwa akiwaambia wageni, mwanangu alitoa pole kabla ya kufa. Kila mara aliposema hivyo nilikuwa nikishukuru. Sasa kila atakaposema nitakuwa nasikia uongo wangu kinywani mwa baba yangu. Niliogopa pia kwamba akijua ukweli moyo utamrudi kuwa mgumu juu ya mtu aliyeko chini ya udongo na asiyeweza kujitetea. Nilipiga hivyo hivyo, naogopa.

Huku Quebec ilikuwa bado asubuhi, kule Njombe jua lilikuwa linazama. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimeipata. Nikasema nimeipata, Baba, ila si ya Elia. Nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza wazee wangu kazini, tarakimu ya kwanza ni nini, ya pili ni nini. Nikafika kwenye neno lenyewe.

"Ile pole si pole, Baba. Ni Kiingereza. Ni fimbo za kushika mkononi mtu asianguke."

"Za nani?"

"Zangu. Alikuwa ananinunulia."

Nikasikia anavuta kiti.

"Kwa hiyo hakutupa pole," akasema.

"Hakutupa, Baba."

"Na yeye," akasema, halafu akasita, akaanza upya. "Upendo. Yule alikuwa mama yake pia. Alifiwa na yeye. Kuna mtu alimpa pole?"

Nilimkumbuka alivyosimama mlangoni kwangu analia. Nilidhani analia kwa sababu ya makosa yake. Katika miezi kumi yote haikunijia hata mara moja kwamba yule kijana alikuwa amefiwa na mama, na kwamba kati ya watu wote duniani waliopaswa kumwambia neno lile, wa kwanza nilikuwa mimi.

"Hapana, Baba," nikasema. "Mimi sikumpa."

"Wala mimi," akasema. Kisha akaniambia ningoje kidogo, nisikate.

Nikasikia simu inawekwa juu ya meza, kiti kinasukumwa, na mlango wa jikoni ukifunguka. Makaburi yako pale pale nyuma, hayana mwendo. Nilimsikia akiongea huko nje, sauti yake ya kawaida ya kuongea na mtoto, ila maneno sikuyapata. Aliongea kwa muda. Kamau alifungua mlango akatoka, akasimama mbali kwenye theluji amenipa mgongo.

Mimi sikuwa na kaburi la kuendea. Nikasema palepale kwenye kiti, pole Elia, pole kwa kufiwa na Mama, kama nilivyotakiwa kusema siku ile mlangoni. Kisha nikaendelea kushika simu sikioni, nikimngoja Baba arudi ndani.